Kocha wa Karabai FC

Saa mbili asubuhi foleni ya uji ilikuwa imeshalizunguka goli la upande wa ziwa, ikapita kona, ikarudi hadi katikati ya uwanja. Ngendakumana alikuwa mtu wa mia na kitu hivi, ameshika kikombe chekundu cha plastiki. Foleni ikisogea hatua moja, naye alisogea hatua moja, na benchi lake nyuma yake likasogea hatua moja.

"Baba, benchi lako limenikanyaga," alisema mama aliyesimama nyuma ya benchi.

"Lisamehe, mama. Halijapumzika tangu Rumonge."

Mama akalisamehe. Foleni ikasogea.

Benchi lenyewe halikuwa na mashetani. Lilikuwa la ubao mmoja na miguu minne, na lilimfuata Ngendakumana kwa sababu alikuwa amelikalia miaka tisa. Timu ya wauza samaki wa Rumonge, ng'ambo ya mpaka kule Burundi, ilimsajili kuwa kipa wa akiba. Kipa namba moja alikuwa bwana mmoja aitwaye Bucumi, na kwa miaka hiyo tisa Bucumi hakuvunjika kidole, hakushikwa na malaria, hakupiga hata chafya. Aliona vyema kufunga ndoa Jumatatu ili asikose mechi ya Jumapili. Basi kila Jumapili Ngendakumana alipasha misuli, akavaa glavu, akakaa. Ukimkalia mtu miaka tisa naye atakuzoea, sembuse benchi.

Mwezi wa tano mwaka 2015, risasi zilipoanza kwao na watu wakaanza kuupanda mlima kuja Kagunga, upande wa Tanzania, Ngendakumana alimshika mkono mkewe Gloriose wakatoka. Katikati ya mlima wakasikia kitu kinapumua nyuma yao. Lilikuwa benchi. Njia ina mawe, na miguu ya benchi haina magoti, kwa hiyo walilisubiri.

Kagunga ilijaa watu hadi mchanga ukapotea. Mvua ilikuwa inanyesha, kila familia imejifunika turubai, na karani wa kuandikisha aliona kuwafunua watu ni kuwalowesha bure. Akawa anahesabu miguu inayochungulia chini na kuigawa kwa mbili. Kwenye turubai la Ngendakumana alihesabu miguu minane. Akaandika: watu wanne. Ndiyo maana Gloriose alikuwa akipokea unga wa watu wanne, na hakuona sababu ya kumsumbua mtu kwa habari ndogo kama hiyo.

Meli ikawaleta Kigoma mjini, wakawekwa kwenye uwanja wa mpira pamoja na maelfu ya wenzao kusubiri mabasi ya kambini. Gloriose ndiye aliyechagua mahali pa kulala. Alichagua katikati ya milingoti ya goli, kwa sababu wavu unafaa kuanikia nguo.

"Miaka tisa nakuombea uingie golini," alisema akianika kitenge. "Umeingia, sha. Sasa lala."

Ngendakumana akalala juu ya mstari. Nyuma ya ukuta ziwa lilikuwa likivuta pumzi na kuiachia, kama mtu mwenye nafasi. Alihisi mipira yote ambayo hakuwahi kuidaka ikipita juu yake polepole, myeupe, mmoja baada ya mwingine, ikielekea Kongo.

Sasa, kona ya uwanja ule ndiko Karabai FC ya Katonga walikokuwa wakifanyia mazoezi, na mkimbizi asingewafukuza wala wao wasingemfukuza mkimbizi. Wachezaji wote wa Karabai walikuwa wavuvi wa dagaa. Usiku wa mbalamwezi dagaa hawaifuati taa, wavuvi hulala majumbani kwao, na mchana timu inacheza kama moto. Lakini siku za giza walikesha ziwani na karabai zao, wakarudi alfajiri, na saa kumi jioni wakaingia uwanjani wakiwa maiti. Mwezi ukianza kumegeka tu, mashabiki walianza kuhesabu vipigo. Mwenyekiti wao, Mzee Crispin, mwenye mitumbwi mitatu na sauti ya mitumbwi sita, alikuwa pia kocha, na mbinu yake ilikuwa moja: kuwamwagia maji.

Siku ya tatu ya kumwagiwa maji, Ngendakumana alisogea hadi pembeni ya kona ile. Benchi likasogea. Akakaa.

"Shikamoo, Mzee. Usiwaamshe."

Crispin akageuka na ndoo yake. "Marahaba. Wewe nani?"

"Ngendakumana. Kipa."

"Ulidakia wapi?"

"Rumonge. Kipa wa pili."

"Mechi ngapi?"

"Hakuna."

"Hakuna hakuna?"

"Mara moja Bucumi alikohoa, nikavua koti. Kumbe ni mfupa wa samaki."

Wachezaji waliokuwa macho wakacheka, na kicheko kikawaamsha wengine. Hamdani, winga wa kulia, kijana ambaye ulimi wake ulikuwa na mbio kuliko miguu, akasema, "Oya, Mzee Crispin, huyu hajawahi hata kulowa, ndiyo atufundishe kuogelea?"

Ngendakumana hakukasirika. Swali hilo alikuwa amejiuliza mwenyewe kwa miaka tisa, tena kwa maneno makali kuliko ya Hamdani. Mtu ambaye hakucheza anaweza kuwa kocha? Ukocha ndilo lilikuwa jambo pekee alilolitaka duniani baada ya uzima wa Gloriose, na alilitaka hivi kwamba aliona haya kulitaja.

"Mwanangu," alisema, "wewe ukicheza unatazama mpira. Mimi mpira nilinyimwa, nikabaki kutazama uwanja. Kwani mkiwa ziwani usiku, wote mnaitazama taa?"

"Aa, wapi. Anatazama mmoja. Wengine tunalala mpaka dagaa wapande."

"Wakipanda?"

"Anaita 'Vuta!' tunaamka tunavuta."

"Basi," alisema Ngendakumana. "Mmeshajua. Nani amewakataza kufanya hivyo nchi kavu?"

Crispin akaiweka ndoo chini.

Jumamosi iliyofuata Karabai walicheza na timu ya Kasingirima kwenye mchanga wa Katonga, mwezi ukiwa haupo kabisa. Askari wa geti la uwanja wa wakimbizi, aliyewekwa asitoke mtu, aliinama kufunga kamba za viatu wakati Ngendakumana na benchi wanapita, ingawa alikuwa amevaa kandambili. Akina mama walikusanya dagaa waliokuwa wameanikwa kwenye eneo la hatari, mechi ikaanza.

Mpira ukiwa mbele, mabeki wanne walilala kwa kusimama, videvu vifuani. Mpira ukirudi, Japhet golini aliita "Vuta!" nao wakafumbua macho, wakaondoa, na washambuliaji wakalala. Ukungu ulitoka ziwani ukakaa magotini mwa watu. Hakuna aliyekimbia ovyo. Mpira ulisafiri kutoka kwa aliyelala kwenda kwa aliyeamka na kurudi tena, taratibu, kama mtumbwi uliofungwa gatini, na watazamaji wenyewe wakaanza kupiga miayo. Nahodha wa Kasingirima alimlalamikia refa kwamba anacheza na watu waliolala. Refa akatoa kitabu cha sheria mfukoni, akakisoma chote akiwa amesimama katikati ya uwanja, na hakuona mahali panaposema mchezaji awe macho. Hamdani alifunga bao la pili kabla hajaamka. Walipomrukia kumpongeza aliuliza mechi inaanza saa ngapi.

Mbili bila.

"Kocha," Hamdani alimwambia Ngendakumana jioni ile. Neno hilo moja tu, halafu akaenda kutayarisha karabai yake. Ngendakumana alirudi uwanjani kwa miguu ambayo haikugusa vizuri lami. Gloriose alimtazama usoni, akamwongezea mboga.

Jumatatu mabasi yakafika. Benchi lilikuwa kwenye kadi ya familia, kwa hiyo lilipewa siti ya watu wawili, dirishani. Kambi ilikuwa mbali na ziwa, siku mbili za mwendo wa benchi, ndani ya msitu na vumbi jekundu. Huko Ngendakumana alipewa hema, jembe na namba.

Mwezi ulipoingia gizani Karabai wakafungwa tano, kisha sita. Crispin alijaribu kuita "Vuta!" mwenyewe, lakini aliita wakati wote, timu haikulala wala haikucheza. Akapanda gari hadi kambini, wakaenda wote watatu, yaani yeye, Ngendakumana na benchi, kwenye ofisi ya vibali.

Ofisini alikuwepo Dorotea, mtumishi aliyehamishwa kutoka Njombe kwenye baridi, mwanamke mpole aliyevaa sweta juani kwa kukumbuka kwao. Aliwasikiliza mpaka mwisho.

"Mkimbizi haruhusiwi kufanya kazi nje ya kambi," alisema. "Na ukocha ni kazi."

"Halipwi hata senti, dada."

"Basi ni kazi ya bure, mzee wangu, na bado iko nje ya kambi."

"Ninyi mnaogopa nini? Atatoroka na mpira?"

"Mimi siogopi. Mimi naandika." Akaifungua kadi. "Hapa pameandikwa mko wanne. Wengine wako wapi?"

"Mke wangu yuko kisimani," alisema Ngendakumana. "Na hili hapa."

Dorotea alilitazama benchi. "Hili ni mmoja au wawili?"

"Kwenye kadi ni wawili."

Alizunguka meza, akaliinamisha benchi kwa adabu, kama nesi, akasoma chini yake. Palikuwa na alama ya chuma cha moto ya wapasua mbao, na alama hiyo haikuwa ya Burundi. Ubao ulikuwa mninga wa misitu ya huku huku, uliopitishwa ziwani zamani kwenda kuuzwa Rumonge. Dorotea alilisimamisha tena, akalifuta vumbi kwa kiganja.

"Hili si mkimbizi," alisema. "Hili limerudi." Na akaliambia benchi, kwa furaha ya kweli, "Karibu nyumbani."

Mambo yakawa mepesi kuanzia hapo. Fomu ya ukocha iliuliza uraia, ikajazwa. Iliuliza uzoefu, ikajazwa miaka tisa. Jina la kocha likaandikwa: Benchi Mninga. Crispin alitia saini, benchi likatiwa muhuri ubavuni, na kwenye kadi ya familia watu wawili wakakatwa kwa wino mwekundu.

"Na mimi?" aliuliza Ngendakumana.

Dorotea alijifuta jasho usoni. Mtu angesema alikuwa anaona aibu, lakini ofisi ile ilikuwa na joto, na sweta ni sweta. "Wewe unaweza kulisindikiza mpaka kwenye kizuizi cha kambi," alisema.

Gloriose aliposikia aliweka chungu chini. "Yaani miaka yote hiyo ulikaa juu ya bosi wako!" Alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akaendelea kuyafuta hata baada ya kicheko kuisha. "Na unga wametupunguzia," alisema.

Tangu hapo, kila mechi ya siku za giza ilikwenda hivi. Jumatano jioni Ngendakumana alilikalia benchi nje ya hema, akafumba macho, akaiwaza mechi yote tangu filimbi ya kwanza mpaka ya mwisho. Ubao ulipata joto taratibu. Alhamisi asubuhi benchi lilitoka, mlinzi wa kizuizi akainua mti na kuamkia, "Shikamoo, kocha," nalo likashika barabara ya Kigoma. Jumamosi lilisimama pembeni ya mchanga wa Katonga. Kule kambini Ngendakumana akisogea kulia, huku nalo lilisogea kulia, na timu ikalielewa. Karabai walishinda mechi saba. Redio ya mjini ilimsifu kocha Mninga kwa utulivu wake, ikasema hajawahi kumfokea mchezaji.

Siku ya fainali ya wilaya, Ngendakumana alitembea hadi kwenye kizuizi, akasimama. Hapakuwa na pa kukaa. Gloriose alimletea mahindi ya kuchoma, akakataa.

"Kule wamefika dakika ya ngapi?"

"Themanini na nane. Moja bila, tunaongoza. Sogea kidogo, mama, umesimama kwenye wingi ya kushoto."

Gloriose akasogea.

Mawingu yalikuwa yamelala juu ya miti. Ngendakumana aliuona uwanja vizuri, na aliona jambo ambalo hakulipenda: Japhet ametoka golini mno kuwaamsha mabeki, na mshambuliaji wa wale wengine ameinua kichwa. Alitaka kupiga kelele. Kutoka pale hadi Katonga hakuna sauti inayofika.

Mlinzi wa kizuizi, kijana wa Tabora asiyependa ugomvi, alikuwa amemwangalia saa nzima na nusu. Sheria ilikuwa wazi na mkuu wake alikuwa karibu kupita.

"Kaka, uko karibu sana na mti. Rudi nyuma hatua mbili."

Ngendakumana akarudi hatua mbili.

Katonga, benchi likarudi hatua mbili. Japhet akaliona, naye akarudi hatua mbili, usingizini au macho, hakuna anayejua, na mpira ulioinuliwa kumpita ukaanguka mikononi mwake. Filimbi ya mwisho ikalia. Kwenye kizuizi, mikono ya Ngendakumana ilijifunga kifuani kwa nguvu, na kifua kikatoa mlio, kama kitu kizito na chenye maji kimekipiga. Alisimama hivyo, amekumbatia. Glavu hakuwa nazo, na viganja vilimwasha vizuri.

"Umedaka?" Gloriose aliuliza taratibu.

"Nimedaka."

Gari la mkuu lilikuwa likitimua vumbi kutoka upande wa barabara kuu. Mlinzi alipima kwa macho umbali kati ya yule mtu na mti, akaona bado hautoshi.

"Tena kidogo, kaka," alisema. "Rudi tena."

Ngendakumana akarudi tena, bila kuachia.