Kidole cha Kupimia Maji

Sheria ya mkuu wa walinzi ilikuwa moja tu: deraya hujaribiwa ikiwa mwilini mwa aliyeitengeneza. Ndiyo maana asubuhi hiyo fundi wa ngozi alisimama katikati ya ua wa karakana yake, kifua kimefunikwa ngozi ya fahali iliyotoswa kwenye maji ya moto hadi ikawa ngumu kama ubao. Mpigaji alikuwa shemeji yake, mchinjaji, mtu wa mikono minene na maneno machache.

Kwa miaka kumi na miwili deraya zake hazikuwahi kupasuka, naye alijigamba mji mzima. Hakumwambia mtu kwamba siri ilikuwa ya mkewe. Maji yakipungua moto, ngozi hubaki laini. Yakizidi, hukakamaa na kupasuka kirahisi. Mke ndiye aliyekuwa akichovya kidole cha shahada, akikitoa upesi na kusema tia au ngoja. Fundi mwenyewe hakuweza, maana viganja vyake vilikuwa sugu tupu.

Juma lililopita mke alimwaga nta kidogo. Fundi, ambaye hasira zake zilikaa puani siku zote, akaukamata mkono wake, akaulaza juu ya meza ya kukatia na kukiponda kidole kile kile kwa nyundo. Mjinga gani huvunja kipimo chake mwenyewe? Ngozi hii akaitosa kwa kubahatisha. Mchinjaji aliambiwa dada yake amebanwa na mlango.

Kisu kilikuja kwanza, kikateleza. Mkuki ukafuata, ukamsukuma hatua tatu nyuma hadi akajiuma ulimi, damu ikamjaa kinywani. Walinzi waliokuja kushuhudia wakapiga makofi. Lakini fundi alisikia ngozi ikitoa mlio wa kupasuka upande wa kushoto.

Lilibaki shoka. Angeweza kuomba avuliwe. Wangemuuliza sababu, na sababu ilikuwa imesimama mlangoni na kidole kilichofungwa kitambaa, mbele ya kaka mtu mwenye shoka mkononi.

"Shemeji, uko tayari?" mchinjaji aliuliza.

Fundi alimtazama mkewe. Mke akatazama chini.

"Piga," fundi akasema.

Shoka likashuka. Deraya ikavunjika vipande kama chungu, mbavu zikakatika, damu ikaruka hadi kwenye ndevu za mchinjaji. Fundi akaanguka chali. Mchinjaji akatupa shoka, akapiga magoti na kuukandamiza mkato kwa viganja vyote viwili.

"Ngozi yenu haijawahi kupasuka," alisema. "Maji hamkupima?"

Mke alisogea, akafungua kitambaa taratibu. Kidole kikatokea, cheusi, kimepinda upande.

"Maji hupimwa kwa hiki, kaka. Mlango ulikuwa uongo. Alikiponda yeye."

Mchinjaji alikitazama kidole. Kisha akainua viganja vyake kutoka kwenye jeraha, kimoja baada ya kingine, akavipangusa kwenye aproni.