Moyo wa Pelagia kwenye Moto wa Wanaume

Pelagia alikuwa akisonga ugali moyo wake ulipoanza kutafuna. Bintiye Koleta alidhani mbuzi ameingia kihengeni. Akatoka na fimbo, akarudi.

"Dada, moyo wako hauna adabu," jirani yao Getruda alisema. "Unakula kabla ya wageni?"

Wageni hawakukatika. Nyumba yao pale Puge ilitazama njia ya zamani ya misafara, na Ambrosi, mume wa Pelagia, hakumwacha mpita njia alale njaa. Kuku na mayai vilikwenda kwenye moto wa wanaume, uani. Wanawake walikula ugali kwa mlenda, maana mwanamke akila yai huzaa mtoto kipara. Mwaka ule wa vita vya Wazungu, maharage nayo yalikauka yakiwa bado maua.

Ambrosi alimwita Yahaya, dresa wa zahanati. Yahaya akasikiliza kifua cha Pelagia.

"Moyo ni nyama, na nyama imejengwa kama ukuta," akasema. "Ukikosa matofali mapya, hubomoa ya kwake. Mengine huyajengea upya, mengine huyachoma kama kuni. Mpeni mayai."

Kweli, Pelagia akisema neno, moshi mwembamba ulimtoka mdomoni. Koleta akamfungulia dirisha.

"Baba, mama hazai tena. Yai moja tu."

"Na wewe je, hutazaa? Ukimwona anakula, utajizuia?"

Jioni ile moyo ukatoka wenyewe, ukaenda kukaa kwenye moto wa wanaume. Wakasogea, maana mgeni hupewa nafasi. Mtu mmoja wa Goweko akausalimia. Bakuli la kuku likazunguka, likaupita. Moyo wa mwanamke ni mwanamke. Ukajitafuna taratibu mpaka wenzake waliponawa, kisha ukarudi kifuani.

Ikawa hivyo kila jioni. Koleta, akiwa mlangoni, aliuona ukiwa kama ngumi, kisha kama ndimu, kisha kama karanga.

Ndipo alipoiba yai, akalichemsha, akalimenya, akampelekea mama yake kitandani. Pelagia alilitazama sana. Akameza mate.

"Mpelekee mgeni, mwanangu," akasema. "Litapoa."

Alfajiri utafunaji ukakoma.

Matangani wanaume waliketi kuuzunguka moto wao.

"Mwenzangu alikuwa na heshima," Ambrosi alisema huku akilia. "Hata moyo wake haukuwahi kuomba."

"Kweli kabisa," wakaitikia.

Koleta akapiga magoti, akayapokea mabakuli. Yalikuwa na mifupa tu.