Utani wa Mzee Fikirini

Mzee Fikirini alipoketi mbele ya kipaza sauti alikifunika kwa kofia yake, akasema anakizika kabla hakijamsema. Pili, aliyekuwa akirekodi, alicheka. Stamili alimtazama mdogo wake kwanza, kisha naye akacheka. Ndivyo alivyofanya tangu utotoni: kicheko chake kilikuja nyuma ya vya wengine, kama mtu avukaye mto kwa kukanyaga walipokanyaga wenzake.

Stamili alikuwa na ulemavu wa kujifunza. Kusoma kulimshinda, maelezo marefu yalimponyoka, na mzaha aliupokea kama habari. Podikasti yake ya mahojiano, ambayo watu wa Newala na Masasi waliisikiliza kwenye simu zao, ilizaliwa na hali hiyo hiyo. Iliitwa Nieleze Tena. Asipoelewa aliuliza upya, na msikilizaji aliyeona haya kuuliza alipata jibu bila kuaibika.

Leo mada ilikuwa utani, na mgeni alifaa. Ukoo wa Fikirini, wa Mkunya, na ukoo wao walikuwa watani tangu enzi za mababu: walizikana, walitukanana, na hakuna aliyeruhusiwa kununa. Baba yao, Yassini, alipokutwa amekufa ndani ya tangi la ardhini la maji ya mvua, Fikirini ndiye aliyeongoza mazishi. Ilisemekana aliteleza akiopoa majani yaliyoangukia humo.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mke wangu. Umenipikia, au umeniita nile maswali?"

"Mtani hufanya nini msibani?"

"Hufurahi! Msiba wa baba yenu nililala kaburini, nikagoma kutoka mpaka nipewe jogoo. Nikawaambia waliokuwa wakilia: msimsingizie Mungu, huyu nimemuua mimi, naitaka mikorosho yake."

Pili alicheka. Siku ile pia watu walicheka, na machozi yakiwa mashavuni.

Stamili hakucheka. "Ulimuuaje?"

"Dada, ni utani," Pili alinong'ona.

"Mwache aulize. Nilimloweka tangini, mjukuu wangu, kama muhogo."

"Nieleze tena."

"Alishuka, nikavuta ngazi. Maji yalikuwa ya shingoni." Tabasamu lilikuwa bado mdomoni, lakini machoni lilikuwa limekwisha kuondoka.

"Kwa nini hakupiga kelele?"

Mzee alinyamaza. Mtangazaji mwingine angekijaza kimya kile kwa swali jingine. Kwa Stamili kimya kilikuwa mahali ambapo akili yake iliwafikia wenzake, hivyo alikiacha.

"Alicheka," Fikirini alisema hatimaye, taratibu. "Alidhani ni mambo yetu. Akaniambia, mtani, rudisha ngazi, nasikia baridi. Alicheka muda mrefu."

Utani unaweza kuhitaji ngazi. Hauhitaji baridi; hiyo huijua aliyekuwapo. Pili alikuwa ameinamia mashine yake, vipokea sauti vikiwa masikioni, na hakuinua uso.

Mzee alichukua kofia yake. "Kata hapo," alimwambia Pili. "Hata usipokata, nani atamsadiki huyu? Wewe ndiye mwenye akili. Na dukani kwako unashinda peke yako." Akatabasamu. "Mwambie dada yako acheke, tumalize vizuri."

Pili alicheka. Kilikuwa kicheko chembamba, kikavu, na alimtazama Stamili akingoja amfuate. Stamili alikisikiliza mpaka kikaisha. Kwa mara ya kwanza aliona kwamba anayetangulia mtoni anaweza naye kuwa hajui penye kina.

Hakukifuata.

Fikirini aliaga kwa kuwaombea heri, akatoka, akaurudisha mlango nyuma yake.

"Nibonyeze wapi ili iende kwa watu?" Stamili aliuliza.

"Dada, tafadhali. Huyu ni mtani wetu. Ndiye atakayetuzika."

"Wapi, Pili?"

Pili alionyesha kwa kidole. Stamili akabonyeza. Mtandao ulikuwa mzito. Mstari wa bluu ulisogea, ukasimama, ukasogea tena kidogo. Walikaa bega kwa bega wakiutazama, wakingoja kusikia pikipiki aliyokuja nayo mzee iwake, iteremke kuelekea Mkunya.

Haikuwaka. Nyayo zilirudi polepole juu ya changarawe, zikasimama. Kisha mtu akapiga hodi, kwa adabu zote za mgeni.