Kuni za Mpera wa Mama

Asubuhi mafundi walipomaliza kuukata mpera ili kupisha ghala la Kibonge, dada yake hakugombana na mtu, ingawa alijua kinachofuata ni banda lake la kubanikia samaki. Aliyaomba magogo akayapasua yangali mabichi, maana mpera ukishakauka shoka linadunda tu. Akazipanga kuni juu ya matofali nyuma ya banda, magome juu, akaezeka kipande cha bati. Ubavuni akaacha wazi.

Zilipoanza kukauka, zikaanza kusema. Pamoja na maji yaliyochuruzika kwenye ncha, yalitoka maneno yote ambayo marehemu mama yao aliwahi kuyasema chini ya mti ule, ya karibuni yakitangulia, kwa sababu kuni hukauka kutoka nje kwenda ndani. Mteja mmoja aliziitikia salamu, akaendelea kulalamika kwamba samaki wa leo wadogo.

"Kibonge," kuni zilisema kwa sauti ya mgonjwa, "uwanja huu na banda ni vya dada yako. Mwambie. Mimi nguvu sina tena."

Dada akamwita mdogo wake. Kibonge alikuja na kikombe chake cha chai, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akasikiliza mpaka mwisho.

"Umesikia?"

"Nimesikia, dada. Ndivyo alivyosema."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa natafuta nafasi nzuri." Akapuliza chai. "Sasa si unaona, msingi umeshachimbwa."

Hata hivyo, kila jioni alirudi kwenye ndoo yake. Kuni zilikuwa zimefika kwenye miaka mizuri, mama ana nguvu zake, anafukuza kuku, anataniana na wateja. Dada alikuwa amemkumbuka mno, na hakutaka sauti ile iishe. Siku moja alizifunika kuni kwa turubai pande zote ili zibaki na unyevu. Mama akafoka kutoka ndani, kama alivyomfokea alipokuwa binti anayejifunza kazi:

"Wewe! Upepo utapita wapi? Unataka ukungu?"

Akalivua turubai, huku anacheka na machozi yanamtoka.

Karibu na kiini, Kibonge alikuwa mtoto aliyeteleza kutoka mtini. "Mwambie dada yako asante," mama alisema. "Amekudaka, na mkono umemteguka kwa ajili yako." Kibonge, mtu mzima na kitambi chake, akaangua kilio. Akaushika mkono wa dada yake mahali palepale palipoteguka, asiuachie hadi giza lilipoingia. Dada akajipa moyo kwamba banda limepona.

Mwisho ilikuja sauti ya mama angali msichana, anashindilia udongo kwenye mche. "Haya, ota," ilisema, na kuni zikanyamaza. Dada akagonganisha mbili, zikalia kavu. Akawasha moto.

Samaki walitoka wekundu, wanang'aa, moshi wao mtamu hadi barabarani. Kibonge alikula amesimama, akalamba vidole.

"Mama mtupu huyu, dada. Nifungie na wa mafundi. Kesho wanabomoa banda, wasifanye kazi na njaa."

Dada akainama kwenye wavu, akawachagulia wale wanono.