Hodi ya Mwenye Nyumba

Asikudanganye mtu kwamba kupangisha nyumba yako mwenyewe ni kazi ya kukaa kitako na kupokea kodi. Muulize Bi Pasi. Jina hilo alipewa hospitalini, alikopiga pasi mashuka na makoti ya madaktari mpaka kiganja cha kulia kikawa kigumu kama soli ya kiatu. Kazi hiyo aliiacha kwa sababu moja tu, nayo ni mume wake.

Mume wake alikuwa fundi mwashi, na nyumba waliyoishi aliijenga yeye mwenyewe, tofali juu ya tofali, siku za Jumapili, wenzake wakiwa wamelala. Sasa akili ilikuwa inamkimbia. Leo anasahau kofia, kesho anasahau njia, keshokutwa anauliza mama yake anarudi saa ngapi, na mama yake alizikwa zamani. Bi Pasi alijaribu kumfungia ndani ili aende kazini. Mara moja tu. Aliporudi alimkuta vidole vimechubuka kwa kuukwaruza mlango, sauti imekauka, analia kama mtoto aliyesahauliwa sokoni. Akampaka dawa huku anaapa: huyu hafungiwi tena, kazi na ipotelee mbali.

Lakini kiapo hakinunui dawa, wala hakichemshi chungu. Ndipo wakahamia chumba cha uani, walimokuwa wakiweka majembe na mabati chakavu, na nyumba kubwa ikatafutiwa mpangaji. Kodi ile ndiyo ingemwezesha Bi Pasi kukaa nyumbani na mume wake. Ikikosekana, atarudi hospitalini, na mlango utafungwa tena kwa nje. Njia ya tatu haikuwepo.

Dalali alikuja na viatu vya ncha na maneno mengi. Aliposikia habari za mzee, akaweka kidole mdomoni.

"Mama, hilo la ugonjwa liache humu humu. Mpangaji akilisikia anatoka mbio. Ya nini kujitia kitanzi?"

"Lakini si atamwona?"

"Atamwona mzee anaota jua. Wazee wote wanaota jua."

Na Bi Pasi, ambaye hakuwahi kumdanganya mtu hata hesabu ya foronya, akakubali. Angefanyaje? Mwenye nyumba aliye mgeni wa kazi hiyo hana mwalimu ila dalali, na dalali akishachukua chake, humwoni tena hata kivuli.

Mpangaji akapatikana, mkunga, mwanamke wa makamo anayeishi peke yake. Usiku yuko kazini anazalisha, mchana analala. Mtu mpole, hana makuu. Akalipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na yote ikaishia kwenye dawa, madeni na bati jipya la chumba cha uani.

Wiki haijaisha, Bi Pasi yuko uani anaanika nguo, akasikia yowe kutoka nyumba kubwa. Akageuka. Kiti cha mzee kitupu. Alitupa shuka matopeni akakimbia. Chumbani akamkuta mkunga amejibanza ukutani, kajiviringisha blanketi mpaka kidevuni, na mzee ameketi ukingoni mwa kitanda anavua soksi.

"Mwambie huyu mama atoke," mzee akamwambia mkewe, kwa upole kabisa. "Nimechoka, nataka kulala."

Jamani, aibu ile! Bi Pasi alipiga magoti akamvisha mumewe soksi, na hapo hapo sakafuni akatoboa yote, la ugonjwa na la dalali.

Mkunga hakuwa mtu mbaya, hilo lisemwe. Alimshika bega, akamwambia pole. Lakini kesho yake akabadilisha kitasa. Mzee akasimama nje akaupiga mlango, akaukwaruza, akapiga kelele, "Nifungulieni! Hapa kwangu!" Ikawa hivyo kila mchana. Bi Pasi akimvuta upande huu, anachomokea upande ule. Mwisho mkunga akatoka, macho mekundu.

"Bi Pasi, ninapokea watoto wa watu kwa mikono inayotetemeka usingizi. Siku moja nitamwangusha mmoja. Mimi sitaki mengi. Aje, apige hodi kama watu wengine, nimpe kiti barazani, akae mpaka achoke. Akishindwa, mwisho wa mwezi nahama, na kodi yangu iliyobaki unirudishie."

Arudishiwe kutoka wapi? Nyingine imegeuka bati, nyingine iko tumboni mwa mzee. Bi Pasi alirudi chumbani akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akalia kilio cha mtu asiyejali nani anasikia. Kisha akajifuta na ncha ya kanga, akamshika mumewe mkono, somo likaanza.

"Ukifika mlango ule, sema hodi."

"Mlango upi? Wa nyumba yangu?"

"Ndiyo."

"We mwanamke, una wazimu? Mtu anapiga hodi kwake?"

Mzee alisema kweli tupu. Kweli yenyewe ndiyo iliyokuwa inawaua. Wakarudia asubuhi, wakarudia jioni, kidole kikigonga ubao, hodi, hodi, na kila siku mzee akimwona mkewe kachanganyikiwa. Mwezi ukawa unayoyoma. Mwisho, kwa kukata tamaa, Bi Pasi akasema neno ambalo lilimkwaruza koo wakati likitoka.

"Si kwako. Hapo ni kwa watu. Wewe ni mgeni, unasikia? Mgeni."

Mzee akaisogelea nyumba kubwa. Akautazama ukuta kuanzia chini mpaka juu, akapitisha kiganja kwenye kona.

"Kajenga nani?"

"Fundi mmoja."

"Fundi hodari," mzee akasema. "Ona kona ilivyonyooka."

Bi Pasi aligeuza uso asimwonyeshe machozi. Lakini neno lilikuwa limeingia, na akazidi kulipigilia: si kwako, si kwako, piga hodi. Hata mchana mmoja mzee akasimama mwenyewe mbele ya nyumba kubwa, akavua kofia. "Hodi hapa." Mkunga akafungua, akacheka kwa furaha, "Karibu, baba!" akamtolea kiti barazani. Mzee akakaa kimya, mikono magotini. Bi Pasi alijiziba mdomo kwa kanga asije akapiga vigelegele uani peke yake. Mkunga alimwonyesha dole gumba kutoka mlangoni: hahami.

Jioni ile ile Bi Pasi alikuwa chumbani anapiga pasi shati la mzee, mlango wazi, moyo mweupe kwa mara ya kwanza tangu dalali aje. Akasikia, "Hodi."

"Karibu, bwana wee!" akaitika huku anacheka. "Umefuzu. Ingia tule."

Mzee hakuingia. Alisimama nje ya kizingiti, kofia mkononi, viatu amevivua.

"Samahani, mama," akasema. "Namtafuta mke wangu. Anapiga pasi hospitalini. Nimegonga kule, si kwangu. Nimekuja hapa, naona pia ni kwa watu."

Bi Pasi akaiweka pasi chini. Yeye ndiye aliyemfundisha, neno kwa neno, na mwanafunzi alikuwa ameelewa kuliko alivyotaka mwalimu.

"Ni mimi," akasema. "Nitazame vizuri. Ni mimi."

Mzee akamtazama kwa adabu, akatikisa kichwa.

"Basi ingia ulale kidogo," Bi Pasi akasema. "Kitanda kipo. Umechoka."

"Asante, mama, una moyo mzuri. Lakini mimi nina mke. Siwezi kulala chumbani kwa mwanamke mwingine. Akisikia atanielewaje?"

Bi Pasi alicheka, na kicheko kikageuka kilio kabla hakijamtoka. Akauburuta mkeka mpaka nje, akautandika chini ya ukuta, akakaa upande mmoja, akamwachia mwenzake upande wa pili.

"Keti, baba," akasema. "Tutamsubiri wote."

Mzee akaketi mbali naye kidogo, kama inavyompasa mgeni.

"Hachelewi," akamtuliza. "Mke wangu hajawahi kuniacha peke yangu."