Kabla ya Waya wa Mwisho

Asubuhi ya Jumapili, kabla ya misa, Mukagasana alimwambia mume wake jambo moja, na alilisema mara moja tu. Leo angeifungua kamioneti, gari lao dogo la mizigo, hapo uani na kubadilisha kontakti, ile sehemu ya kutilia ufunguo. Wanaume wa ukoo wangekuwa wamekaa pale pale, wakizungumza juu ya mzee Kanyamibwa. Kazi yenyewe haikuwa ndefu. Kama Makuza angesema neno lake kabla kazi haijakwisha, vema. Asiposema, angesema yeye.

Makuza alikuwa anafunga vifungo vya shati. Alivifunga vibaya, akavifungua, akavifunga tena.

Kamioneti ilikuwa imesimama karibu na zizi tangu mazishi ya Hakorimana, mdogo wake Makuza. Kuku walikuwa wameanza kutagia chini ya kiti. Kila mtu pale Kirolirwe alijua jinsi Hakorimana alivyokufa. Ndugu hao wawili walikuwa wanatoka Itebero, Makuza akiendesha, wamepakia mawese, na kwenye mpando, walipokuwa wanapanda kilima baada ya Nyabiondo, moteri ikazimika ghafla. Gari likaanza kurudi nyuma. Breki peke yake haikuweza kushika mzigo ule. Hakorimana akaruka chini na gogo mkononi ili azuie gurudumu, kama alivyofanya siku zote, lakini barabara ilikuwa tope tupu, akateleza, gurudumu la nyuma likampitia. Hayo yalijulikana. Lisilojulikana ni kwa nini moteri ilizimika, na kwenye pengo hilo watu walimweka Kanyamibwa.

Siku chache kabla ya safari ile, mzee na Hakorimana walikuwa wamegombana kwenye maji ya ng'ombe. Ng'ombe wa kijana walivuruga maji wakati wale wa mzee bado hawajanywa. Kanyamibwa, ambaye hasira zake hazikuwa mbali, akamwambia Hakorimana kwamba hatazeeka na ng'ombe wale. Waliokuwapo walicheka. Baada ya mazishi hakuna aliyecheka. Watu waliyachukua maneno yale, wakayageuza huku na huku, wakaona kwamba yamefanya kazi. Mchungaji wa ng'ombe wa mzee alimtoroka. Mlangoni pa kanisa mama mmoja alitema mate mbele ya miguu yake. Na sasa Sebarenzi, baba mkubwa wa ukoo, alikuwa amewaita wanaume wakubaliane siku ya kumwambia ahame mlima pamoja na mifugo yake.

Mukagasana alijua ni nini kilichoizima moteri. Alikuwa amepanda kamioneti ile kwa miaka, amebanwa kati ya bidoni za maziwa, na macho hakuyafumba. Waendeshaji wote wa milima hii walikuwa na tabia moja: wakifika kwenye mteremko huzima ufunguo, wakaacha gari lishuke lenyewe kimya kimya ili esansi, yaani petroli, isiliwe bure. Wakifika bondeni huwasha tena. Makuza alikuwa stadi wa mambo hayo. Alijisifu kwamba kutoka Masisi mpaka Walikale moteri yake inalala nusu ya njia. Zima, washa, zima, washa, kila kilima, mwaka baada ya mwaka, mpaka kontakti ikalika ndani. Ikafika wakati ufunguo ukiguswa tu, umeme unakatika. Makuza akaufunga ufunguo kwa uzi ili usicheze. Mukagasana akaagiza kontakti mpya Goma, na ilipofika akaiweka juu ya meza, mbele ya sahani ya mume wake. Makuza akasema ile ya zamani bado inafanya kazi. Mpya ikaingia kabatini ndani ya karatasi yake. Mukagasana, ambaye hakuwa mwanamke wa kusema jambo mara tatu, alisema mara mbili akanyamaza. Kunyamaza huko ndiko kulikomnyima usingizi, kuliko hata kifo chenyewe.

Baada ya misa alivua kitenge kizuri, akavaa cha shambani, akachukua turnevisi ya kufungulia skrubu, koleo, na ile kontakti mpya kutoka kabatini, akafukuza kuku. Kazi ya gari aliijua kwa kumshikia Makuza taa na vyuma tangu walipooana. Wanaume walianza kufika, wakakaa kwenye mabenchi kando ya ukuta wa nyumba. Sebarenzi, fimbo kati ya magoti, alimtania kidogo.

«Mama Constance, leo umekuwa makanika?»

«Maziwa haiwezi kutembea yenyewe, Papa.»

Baadhi walicheka, kisha wakaacha, kwa sababu Béata, mke wa marehemu Hakorimana, alikuwa anaingia uani, amefunga kitambaa cheusi cha ujane. Béata hakuenda kwa wanaume. Alisimama katikati ya uwanja kama mtu aliyesahau alichokuja kutafuta. Mukagasana alimwita kwa mkono.

«Ingia humu, Béata. Niko na lazima ya mikono yako.»

«Ndani ya hii gari?»

«Ndani ya hii gari.»

Béata aliitazama kamioneti muda mrefu, gurudumu la nyuma hasa. Halafu akapanda, akakaa mahali pa mwendeshaji, mikono mapajani.

Mukagasana aliukata ule uzi wa Makuza. Akamwambia Béata ageuze ufunguo. Béata akageuza. Mbele yao, kwenye kipimo kidogo cha umeme, sindano ikasogea ikasimama. Sasa auguse ufunguo kwa kidole kimoja tu, kama inzi anavyotua. Béata akaugusa. Sindano ikalala. Akaondoa kidole, sindano ikaamka. Akagusa tena, ikalala tena. Alirudia bila kuambiwa, uso wake ukiwa karibu kabisa na kioo cha kipimo. Kwenye mabenchi sauti zilikuwa zinapanda. Mtu mmoja alisema ng'ombe wa Kanyamibwa wapelekwe upande wa pili wa bonde, mwingine akauliza kwa nini wangoje.

«Ile sindano ikilala, moteri inafanya nini?» Béata aliuliza.

«Inakufa.»

«Na ku mupando?»

«Ku mupando vilevile.»

Béata akauachia ufunguo. Alipouliza tena sauti yake ilikuwa chini sana.

«Nani alijua?»

Mukagasana alikuwa amejitayarisha kwa swali hilo tangu alfajiri. Hakutazama pembeni.

«Mimi na Papa Constance. Mupya ilikuwa mu kabati tangu mbele ya mvua kuanza.»

Béata hakulia, wala hakupiga kelele. Aligeuza kichwa polepole, akamtazama shemeji yake, ambaye alikuwa amekaa kati ya wanaume akitazama viatu vyake. Akauliza kama atasema. Mukagasana akamweleza sharti la asubuhi, kwamba muda aliompa Makuza ulikuwa muda wa kazi hii.

«Basi maliza,» Béata akasema, na akanyoosha mikono ili apewe cha kushika.

Mukagasana alikwenda kwanza mbele, akafungua waya wa bateri, maana umeme haumjui mwenye gari. Akarudi, akalala chali sakafuni, kichwa chini ya dashibodi, vumbi na mavi ya kuku vikimwangukia machoni. Nyuma ya kontakti kulikuwa na waya tatu. Akachana utepe wa mgomba, akafunga kila waya: fundo moja kwa ule wa taa, mafundo mawili kwa ule unaotoka bateri, matatu kwa ule unaokwenda kwenye bobini ya cheche, ambao ndio uhai wa moteri. Ukichanganya hapo utaunguza kitu. Alifungua skrubu moja moja, akampa Béata azishike. Kisha akazungusha pete ya mbele kwa koleo, ikalia, ikaachia, na kontakti ya zamani ikamwangukia kifuani. Ilikuwa nyepesi. Alipoitikisa, vyuma vya ndani vilicheza kama mbegu kwenye kibuyu kikavu. Akamwekea Béata mapajani.

Mpya ilikaa vizuri kwenye tundu lake. Akakaza pete. Akafunga waya wa taa.

Pale kwenye mabenchi walikuwa wamefika kwenye maneno ya mzee kule kwenye maji ya ng'ombe, na kila mtu alikuwa na yake. Yule aliyekuwapo aliyasimulia kwa sauti ya kuigiza uzee, na wengine wakaguna. Mtu akasema hata kamioneti yenyewe ingefaa ibarikiwe na padri. Makuza alijikuna shingo.

Mukagasana akafunga waya unaotoka bateri.

Sebarenzi akagonga fimbo chini, wakanyamaza. Alizungumza taratibu, kama mtu asiyefurahia anachofanya. Alisema ameomboleza mtoto wa ndugu yake na hataki damu nyingine, kwa hiyo mzee asiguswe. Lakini ahame. Kesho asubuhi wamwambie. Kisha akauliza kama kuna mwenye neno.

Mukagasana alikuwa na waya wa mwisho kati ya vidole. Skrubu ilikuwa mahali pake, ikingoja kukazwa tu. Aliigeuza kidogo, akairudisha. Akaigeuza, akairudisha. Hakuwahi kuvuta kazi maishani mwake, na aliwadharau wanaovuta. Sasa alilala chini ya dashibodi ile, akaivuta kazi kadiri alivyoweza, kwa sababu kama angelazimika kusema yeye, Makuza angebaki mtu aliyesemewa, na mtu wa namna hiyo Mukagasana asingejua la kufanya naye.

Sebarenzi aliweka mikono kwenye magoti ili ainuke.

«Mimi,» Makuza akasema.

Alisimama. Kutoka chini pale Mukagasana aliona, kupitia mlango wazi, suruali yake tu na mikono yake ikining'inia.

«Kanyamibwa hakuua muntu. Kontakti ilikuwa imeisha, na nilijua. Nilikuwa nazima ku kila mutelemuko. Mupya ilikuwa mu nyumba yangu, sikuiweka. Hakorimana amekufa juu ya kosa yangu.»

Mtu mmoja alianza kusema kwamba ajali ni ajali, Sebarenzi akamkata kwa fimbo.

«Na siku hizi zote ulikaa hapa, ukatusikiliza?»

«Niliwasikiliza, Papa.»

Sebarenzi akailaza fimbo chini. Ilionekana kama amezeeka zaidi, na labda hakuwa anamfikiria Makuza peke yake, maana mkutano ule aliuita yeye.

Béata alishuka kwenye kamioneti. Akamwekea Sebarenzi ile kontakti kuukuu kiganjani, akageuka kwa shemeji yake.

«Shemeji, hayo utayarudilia ku nyumba yangu, watoto wangu wasikie. Lakini kwanza enda kwa Kanyamibwa. Sasa hivi. Mimi niko nyuma yako, nisikie kama utasema yote ao nusu.»

Makuza akachukua kofia yake. Mukagasana akakaza skrubu ya mwisho mpaka ikagoma, akatoka, akarudisha waya wa bateri. Aligeuza ufunguo, akaupigapiga kwa kiganja. Sindano ilisimama imara. Moteri hakuiwasha, haikuwa siku ya kelele. Alinawa kwa majivu na maji, akawafuata.

Kwa Kanyamibwa mizigo ilikuwa imekwisha kufungwa, imepangwa nje ya mlango. Habari ya mkutano ilikuwa imemfikia kabla ya uamuzi wa wanaume. Ng'ombe walikuwa wanalia, viwele vimejaa. Mzee alisimama ndani ya zizi na fimbo yake, hakuwakaribisha.

Makuza alisema yote, kofia mkononi. Alisema ya mteremko, ya uzi, ya kabati. Alipokosa pumzi alingoja, akaendelea. Béata alikuwa nyuma yake hatua chache, akisikiliza kwa kichwa kilichoinama.

Kanyamibwa alimwacha amalize.

«Siku ile mama mumoja alinitemea mate ku kanisa. Ulikuwa wapi?»

«Nilikuwa nyuma yako, Papa.»

Mzee akatikisa kichwa, kama mtu aliyepata jibu alilolijua. Hakusema amesamehe, na hakuna aliyemwomba aseme. Alitazama ng'ombe wake.

«Hizi hazijakamuliwa tangu asubuhi. Kamata ndama.»

Makuza alitundika kofia kwenye ua, akaingia kwenye matope ya zizi na viatu vyake vya misa, akamkamata ndama shingoni ili asinyonye. Mzee akachuchumaa. Maziwa yakaanza kugonga ndani ya chombo.

Béata alikaa juu ya mzigo mmoja, akaanza kuufungua kamba. Vifundo vilikuwa vimekazwa na mtu mwenye hasira, na kucha zake hazikutosha. Mukagasana akavuta mzigo wa pili, akainama juu yake, akatumia meno.