Soya Isiyosikia Hodi

Pauline wa Kehancha alikuwa na ugonjwa mmoja tu: hakuweza kuvumilia jani la manjano shambani mwake. Kwa sifa hiyo kikundi cha wakulima kilitaka kumchagua mwenyekiti, na kwa sababu hiyo soya ya Lynnet ilimnyima raha.

Lynnet, mtafiti kutoka Homa Bay, alikuwa amepanda shambani kwa Pauline mistari sita ya majaribio. Mitatu ilikuwa kijani, mitatu manjano. Siku ya kupima aling'oa mche wa kijani, akakata kinundu kimoja mzizini. Ndani kilikuwa chekundu.

"Humu ndio bakteria wanapikia mmea chakula kutoka hewani," alisema. Kisha akang'oa mche wa manjano, mizizi mitupu. "Hii jeni yake moja imeharibika, mama. Bakteria wakibisha hodi, mzizi hausikii. Wanabaki nje, na yenyewe inashinda njaa."

Akachukua vipimo vyake, akamwambia Pauline soya iliyobaki aifanyie atakavyo.

Lakini kulikuwa na Ombati, jirani mwenye ulimi, aliyeutaka uenyekiti huohuo. Kila asubuhi aliegemea ua.

"Mama Liz, hiyo soya iko na malaria?"

Kila mpita njia alisimuliwa. Pauline aliumia hasa. Akaanza kuinywesha ile mistari ya manjano mkojo wa ng'ombe uliozimuliwa kwa maji, uwe chakula ilichokosa, alfajiri Ombati akiwa bado kitandani. Baada ya wiki tatu ikawa kijani kuliko ile mingine, na Ombati akanyamaza ghafla.

Sababu Pauline aliijua baada ya kuvuna. Akiwa jikoni, alimwona Ombati akijaza kofia mbegu za ile mistari mitatu zilizoanikwa kando, akidhani ni mbegu ya siri ya watafiti. Pauline alifungua mdomo apige kelele, kisha akaufunga. Akaendelea kusonga ugali polepole, mgeni amalize shughuli yake.

Msimu uliofuata, wiki ya uchaguzi wa kikundi, kipande cha soya cha Ombati kando ya barabara kilikuwa manjano tupu. Akaja kwa Pauline, kofia mkononi.

"Mama Liz, ile soya ya Lynnet ulikuwa unaipea nini?"

"Kwa nini unauliza, Baba Elkana?"

Ombati akaificha kofia nyuma ya mgongo. Angejibu nini bila kujitaja mwizi?

"Nauliza tu."

Pauline akamvutia kiti, akamtazama kwa huruma nyingi.

"Kwani yako iko na malaria?"